Lita Ambazo Hazikufika Kwenye Tangi: Kisa cha Mfumo wa Ushirika wa Maziwa, Moshi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika ushirika mmoja wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wenye ofisi yake mjini Moshi. Majina ya watu, ya ushirika na ya vituo yameondolewa, mwaka hautajwi, na tarakimu chache zimebadilishwa kidogo ili wahusika wasitambulike, ingawa uwiano wake umebaki kama ulivyokuwa. Mimi nilikuwa msimamizi wa kazi katika kampuni ndogo ya programu iliyouhudumia ushirika huo, na uamuzi wa kwanza unaochambuliwa hapa, ambao ndio ulioleta hasara, niliuidhinisha mimi. Ninaandika kwa ajili ya vijana wanaoanza kazi ya usanidi programu, kwa sababu karibu kila anayekuja kuniomba ushauri huuliza ajifunze zana ipi, na ni wachache mno waliowahi kuniuliza tatizo huchunguzwaje.

Wasanidi wawili watatajwa kwa herufi J na N, ambazo hazihusiani na majina yao halisi.

Usuli

Moshi ni mji uliozoea ushirika tangu enzi za babu zetu. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na desturi ya kupima mali mbele ya mwenye mali, kuiandika daftarini na kumpa mwenyewe karatasi yake inajulikana katika kila nyumba ya mlimani. Maziwa hufuata desturi hiyo hiyo. Kabla jua halijachomoza, akina mama hushuka kutoka vihambani na ndoo zao. Mpokeaji hukagua maziwa kwa laktomita, kifaa kinachosaidia kubaini maziwa yaliyotiwa maji, hupima ujazo, huandika lita kwenye daftari la kituo na kwenye kadi ya mwanachama, kisha huingiza lita zile zile kwenye simu. Gari hupita kukusanya na kuyapeleka kwenye tangi la kupozea, na baadhi ya vituo hupokea tena jioni. Wanachama hulipwa mara mbili kwa mwezi kupitia simu zao, kwa kufuata kile kilichoandikwa kwenye mfumo.

Ushirika ulikuwa na vituo sita. Mfumo wake uliandikwa kwa lugha ya programu ya PHP na hifadhidata ya MySQL na mtu aliyekwisha kuondoka, na mpokeaji aliutumia kwa kufungua ukurasa kwenye simu, kuandika namba ya mwanachama na lita, na kubonyeza kitufe cha Hifadhi. Ulikuwa mfumo mkavu usio na urembo wowote, lakini ulifanya kazi.

Timu yetu ilikuwa ya watu watatu. J alikuwa kijana mwepesi wa kujifunza, aliyefuatilia kila zana mpya iliyotoka na kuijaribu usiku nyumbani kwake. N alikuwa na zana chache zaidi kwenye maelezo yake ya kazi, na kwa sababu hiyo, lazima nikiri, nilimlipa kidogo kuliko J.

Malalamiko

Mhazini wa ushirika ndiye aliyeona jambo lenyewe. Jumla ya lita kwenye mfumo ilizidi lita zilizopimwa kwenye tangi, siku nyingine kwa lita chache, siku nyingine kwa zaidi ya lita ishirini katika kituo kimoja. Kwa kuwa malipo yalifuata mfumo, ushirika ulikuwa unawalipa wanachama maziwa ambayo haukuyauza.

Lawama iliwaangukia wapokeaji. Kituo cha tatu kilikuwa na tofauti kubwa kuliko vyote, na mpokeaji wake, mama aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, alisimamishwa kwa wiki mbili akituhumiwa kuwaandikia ndugu zake lita hewa. Katika wiki hizo mbili nafasi yake ilishikwa na mtu mwingine, na tofauti iliendelea vile vile. Taarifa hiyo ilikuwa mezani kwangu, kwa maandishi, nami sikuisoma kama ushahidi. Mama huyo alirudishwa kazini kimya kimya, bila kuambiwa kama amesafishwa au bado anashukiwa.

Uamuzi wa kwanza: kuandika mfumo upya

Tulipokutana na uongozi wa ushirika, J alipendekeza tuuache mfumo wa zamani na kuandika mpya. Ukurasa wa ofisi ungetengenezwa kwa React, zana ya kutengenezea kurasa, wapokeaji wangepata programu ya simu inayojitegemea, na upande wa seva, yaani kompyuta kuu inayopokea na kutunza rekodi, ungegawanywa katika huduma ndogo nne, kila moja ndani ya kontena lake la Docker (kifurushi kinachoiendesha peke yake), zikisimamiwa na Kubernetes, programu ya kuendesha makontena mengi. Mchoro wake ulikuwa mzuri na viongozi waliupenda. Hakuna aliyeuliza kwa nini vituo sita vya maziwa vihitaji mitambo iliyobuniwa kwa ajili ya kampuni zenye maelfu ya seva.

Nilikubali kwa sababu tatu. Hakuna kati yetu aliyetaka kuendelea kuuhudumia msimbo, yaani maagizo ya programu, wa mtu aliyeondoka. Pili, niliogopa kwamba J, asipopewa kazi yenye zana alizozipenda, angetuacha na kwenda Dar es Salaam, kwa maana matangazo ya kazi aliyonionyesha yalitaja zana hizo moja baada ya nyingine. Sababu ya tatu ndiyo iliyotuponza: niliamini kwamba kosa la lita limo ndani ya msimbo wa zamani na kwamba tukiutupa msimbo tutakuwa tumelitupa kosa, ingawa hakuna mtu aliyekuwa amenionyesha kosa hilo liko mstari gani.

N aliuliza swali moja tu katika kikao kile. "Hizo lita zinazozidi ni za nani?" Alitaka kujua zimeandikwa kwa wanachama gani, siku gani, saa ngapi. Nilimjibu kwamba mfumo mpya utaliweka wazi jambo hilo, na kikao kikaendelea. Swali lile lingeweza kujibiwa siku ile ile, kwa kufungua hifadhidata na madaftari ya vituo. Badala yake tulitumia miezi minne na bajeti yote ya mwaka ya ushirika kwa upande wa teknolojia.

Baada ya kuhamia mfumo mpya

Tofauti iliongezeka. Katika mwezi wa kwanza vituo viwili ambavyo havikuwa na shida hapo awali vilianza kuionyesha, na kituo cha tatu kikazidi kuwa kibaya.

Ni haki niseme pia kilichofaa. Programu ya simu ya J iliweza kutunza rekodi ndani ya simu pale mtandao ulipokatika na kuzituma baadaye, jambo ambalo ukurasa wa zamani haukuliweza kabisa, na wapokeaji walilishukuru. Zana mpya ilitatua tatizo la kweli. Bahati mbaya halikuwa tatizo tuliloitiwa.

Uchunguzi wa N

Niliporudi kwa N, safari hii kwa unyenyekevu, aliomba wiki moja bila kazi nyingine yoyote, madaftari ya vituo vyote sita, na ruhusa ya kutogusa msimbo. Ombi la mwisho lilinishangaza. Alieleza kwamba akianza kurekebisha kabla hajaelewa, hataweza kujua ni kipi kilichobadilisha nini.

Alichora jedwali kwa mkono, vituo kwa safu na siku kwa mistari, na katika kila kisanduku akaandika tofauti kati ya mfumo na tangi. Alikuwa na dhana moja nzuri ya kuanzia. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina uzito wa takriban kilo 1.03, hivyo mpokeaji anayepima kwa mizani na kuandika kilo kana kwamba ni lita atazidisha hesabu kwa asilimia tatu hivi. Aliipima dhana hiyo kwa siku moja ya kituo cha tatu, ambapo tangi lilipokea lita 389 na mfumo ukaonyesha 412.5. Kama kosa lingekuwa la kilo na lita, mfumo ungeonyesha 400 na ushei. Tena asilimia hiyo ingekuwa ile ile kila siku, ilhali jedwali lilionyesha siku nyingine sifuri na siku nyingine asilimia sita. Dhana ikawekwa kando.

Kisha akaitazama ile tofauti yenyewe, lita 23.5, na akajiuliza inaweza kuundwa na nini. Kwenye orodha ya siku ile alikuta wanachama watatu, mmoja wa lita 9, mwingine wa lita 8 na mwingine wa lita 6.5, ambao kila mmoja ameandikwa mara mbili. Tisa na nane na sita na nusu ni ishirini na tatu na nusu. Alipofungua daftari la kituo, kila mmoja wa hao watatu alikuwa ameandikwa mara moja tu, kwa mwandiko wa yule mama aliyesimamishwa kazi. Alirudia hesabu hiyo kwa siku nyingine kumi na mbili, na katika nyingi kati ya hizo tofauti ilikuwa sawasawa kabisa na jumla ya rekodi zilizojirudia.

Watu wengi wangeishia hapo na kuanza kufuta. N hakuridhika, kwa sababu alijua rekodi zimejirudia lakini hakujua ni nani anayezirudia. Alipanda mlimani alfajiri na kukaa kituoni kwa mama yule, kwenye benchi, na daftari mapajani.

Alichokiona nakieleza kama alivyonisimulia. Baada ya salamu, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, karibu," akina mama walianza kufika. Mpokeaji alifuta vidole vilivyolowa maziwa kwa pembe ya khanga, akaandika namba na lita, akabonyeza Hifadhi. Juu ya kioo cha simu alama ya mtandao ilishuka kutoka 4G hadi E, yaani mtandao wa polepole, na kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Kilizunguka muda mrefu. Mwenye maziwa alikuwa amesimama akingoja kadi yake, na nyuma yake walikuwapo wengine saba. Mama akabonyeza tena. N alimwuliza kwa upole kwa nini anabonyeza mara ya pili, naye akajibu: "Kikizunguka hivi sijui kama kimeandika au hakijaandika. Nisipobonyeza, mama wa watu atanyimwa haki yake."

Huo ndio ulikuwa wizi aliotuhumiwa nao.

Ofisini N aliiga hali hiyo. Alibonyeza Hifadhi, akasubiri mpaka kumbukumbu za seva zikaonyesha ombi limefika, kisha akazima data ya simu kabla jibu halijarudi. Rekodi ilikuwa tayari imeingia kwenye hifadhidata, lakini simu ilidhani imeshindwa. Katika mfumo wa zamani binadamu ndiye aliyerudia. Katika mfumo mpya, mbali na binadamu, programu yenyewe nayo ilirudia, hadi mara tatu, kwa sababu J aliiandika hivyo kwa nia njema ili rekodi isipotee. Ndiyo maana tofauti ilipanda baada ya kuhama: tulikuwa tumelichukua kosa la mkono na kulikabidhi kwa mashine isiyochoka.

Suluhisho

J, ambaye sasa alikuwa ameketi pembeni ya N, alipendekeza mfumo ukatae mwanachama yule yule mwenye lita zile zile kwa siku moja. N alikataa na kumweleza sababu: mama mwenye ng'ombe mmoja anaweza kuleta lita sita asubuhi na lita sita jioni, na wapo majirani wanaotumia kadi moja. Kanuni hiyo ingewadhulumu watu walioleta maziwa kweli, na dhuluma hiyo isingeonekana kwenye ripoti yoyote.

Walichokifanya kilikuwa kidogo kwa ukubwa. Mpokeaji anapofungua fomu mpya, simu yenyewe huzalisha namba ya utambulisho yenye urefu wa biti 128, na namba hiyo husafiri na rekodi kila inapotumwa, iwe mara moja au mara kumi. Kwenye hifadhidata safu ya namba hiyo iliwekewa sharti la upekee, hivyo rekodi ikifika mara ya pili hifadhidata huikataa, na seva huijibu simu kwamba rekodi imekwisha kupokelewa. Kitufe cha Hifadhi kikishabonyezwa hufungwa, na badala ya kiduara mpokeaji husoma maneno mawili yanayoeleweka: "Inasubiri mtandao" au "Imepokelewa". Maneno hayo yalichaguliwa na mama wa kituo cha tatu. Kazi yote, pamoja na majaribio, iliwachukua siku tatu.

Rekodi za nyuma hazikufutwa kwa mashine. Kila iliyoshukiwa ililinganishwa na daftari na kadi ya mwanachama, kazi iliyochukua wiki nyingi na iliyofanywa na ushirika wenyewe.

Matokeo

Rekodi zilizojirudia zilikoma katika vituo vyote sita. Uongozi uliamua kutowadai wanachama fedha zilizokwisha kulipwa kwa ziada, kwa kuwa hawakuwa na kosa. Mama aliyesimamishwa aliombwa radhi mbele ya mkutano wa kituo, na alilipwa wiki zake mbili. Kubernetes iliondolewa baada ya muda mfupi, na mfumo mzima leo unaendeshwa kwenye seva moja ya kawaida.

Uchambuzi

Kosa letu kubwa lilitokea kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo kuandikwa. Ushirika ulituletea dalili, yaani lita zimezidi, nasi tukaipokea kana kwamba ni maelezo ya ugonjwa. Kuandika upya kulitufanya tujione tuko kazini kwa miezi minne, na hiyo ndiyo hatari yake: kazi nyingi inayoonekana huzuia kuulizwa kama kazi hiyo inahusiana na tatizo. Hatukuwa wa kwanza kuingia mtego huu. Kampuni ya Netscape iliamua kuandika upya kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, na toleo la 6 lilipotoka mwishoni mwa mwaka 2000, Internet Explorer ya Microsoft ilikuwa imekwisha kuliteka soko.

Jambo la pili ni la kiufundi, na ningependa kila msanidi anayeandikia watu wa mlimani alijue kabla hajajua fremuweki yoyote, yaani kiunzi kilichoandaliwa tayari cha kujengea programu. Mwaka 1994, L Peter Deutsch wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems aliorodhesha dhana potofu ambazo wasanidi wa mifumo ya mtandao huzibeba bila kujua, na ya kwanza kabisa ni kudhani kwamba mtandao unaaminika. Ombi linaweza kufika na jibu likapotea njiani, na aliyetuma hana njia ya kutofautisha hali hiyo na ombi ambalo halikufika kabisa. Anayelielewa hilo atalitambua kwenye maziwa, kwenye malipo ya simu, kwenye tiketi za basi na kwenye usajili wa wagonjwa, kwa lugha yoyote ya programu. J alijua zana ya kurudia maombi. Hakuwa amejiuliza nini hutokea ombi lililorudiwa likiwa lilifika tangu mwanzo.

Tazama pia umri wa vitu vilivyohusika. Wazo la ufunguo unaotambulisha kila rekodi kipekee limo katika kazi ya Edgar Codd wa IBM ya mwaka 1970, na ndilo lililouokoa ushirika. React ilitolewa kwa umma mwaka 2013. AngularJS, zana ya Google ya kutengenezea kurasa, ambayo vijana wengi waliijengea jina lao ilipotoka mwaka 2010, ilikoma kuhudumiwa mwishoni mwa 2021, na waliokuwa na hiyo tu mkononi walilazimika kuanza upya. Sisemi zana mpya ziachwe. Aliyeajiriwa lazima azijue zana za mahali anapofanya kazi, na matangazo ya kazi yataendelea kuzitaja, kwa hiyo kijana asiyezijua hataitwa hata kwenye usaili. Ninachosema ni kwamba zana hujifunzwa kwa wiki au miezi inapohitajika, ilhali tabia ya kulisema tatizo kwa usahihi, kubuni dhana inayoweza kukanushwa na kwenda kutazama kwa macho hujengwa kwa miaka, na haihami na fremuweki.

N alifanikiwa kwa mambo ambayo hayakuwa kwenye maelezo yake ya kazi. Aliiacha dhana ya kilo na lita mara tu hesabu ilipoikataa, ingawa ilikuwa yake. Alitambua kwamba ushahidi muhimu uko kwenye daftari la karatasi. Alimwuliza mpokeaji swali ambalo halikuwa na tuhuma ndani yake, na kwa sababu hiyo akapata jibu la kweli. Nami nilikuwa nimemlipa kwa kuhesabu zana zake. Hilo nililirekebisha mwezi uliofuata.

Kilichobaki kituo cha tano

Miezi miwili baada ya marekebisho, J alikuja mezani kwangu na jedwali alilolichora mwenyewe kwa mkono. Hakukuwa tena na rekodi zilizojirudia popote, lakini kituo cha tano kilikuwa bado kinazidi, kidogo, na kila siku kwa kiwango kile kile cha karibu asilimia tatu. Zamani kiwango hicho kilikuwa kimefichwa chini ya lita za kujirudia, na ndiyo maana N hakukiona.

J hakufungua msimbo. Alinunua jagi la plastiki lenye alama ya lita moja katika soko la Mbuyuni, akapanda gari la kwanza la asubuhi, akamwamkia mpokeaji wa kituo cha tano na kumwomba amwonyeshe anavyopima. Kituo kilikuwa kimepewa mizani mpya ya kidijitali badala ya kopo la zamani. J alijaza jagi maziwa hadi kwenye alama, akaomba lipimwe tupu na lipimwe likiwa limejaa, na akaandika tofauti kwenye daftari lake: 1.03.